Kiwanja chenye Majani Mabichi

Kibondo, Machi 2014

Ndiyo dada Firdausi, kiwanja tumepata. Mafuriko yalipobeba nyumba, tulihamishiwa palipokuwa na kambi ya wakimbizi zamani, tukaambiwa kila mtu achague. Mimi mjanja nikakimbilia penye majani mabichi. Juzi nachimba msingi, jembe likazama: vyoo vya kambi, dada. Nilicheka huku natapika. Harufu imeganda mpaka kwenye ndevu.

Yule bwana wa kugawa viwanja akaziba pua: "Si ulichagua mwenyewe, mjanja?"

Mama analala hapohapo kwenye turubai, chakula hakipiti. Tufanye hivi: mchukue akae kwako Kasulu mpaka nipate pengine. Mimi hapa napanda migomba, mikungu yote uuze wewe. Ila wateja wakiuliza nimetumia mbolea gani, usinitaje.

Mdogo wako anayenuka,
Nurudini