Ulivyoniuliza Habari za Ngazi

Kaka Renard,

Sisi wazima. Mama kapona kikohozi, anauliza utakuja lini. Nimemwambia huji tena. Wale kamba tuliowachemsha kwa sherehe ya Tavion, siku ligi ilipochagua wachezaji wapya, tumewamwaga, walishaanza kunuka.

Mwanangu hakuchaguliwa na timu hata moja. Bosi wako, mwenye timu unayoitafutia wachezaji, ndiye aliyempigia simu: "Kijana, kipaji unacho, lakini hata mjomba wako kasema goti limekwisha. Ngazi unapanda kwa kushika ukuta."

Krismasi, ukila jikoni kwangu, uliniuliza, "Dada, mtoto anapandaje ngazi siku hizi?" Nikakwambia ukweli. Nilidhani anayeuliza ni mjomba wake.

Usijibu. Sanduku la barua liko chini ya ngazi, na anayeshuka kuzichukua ni Tavion.

Earline