Damu Tuliyoicheka

Mama mdogo Somoe,

Nakusalimu wewe na wote hapo Nanyamba. Korosho zimenifikia. Swali linalonisumbua tangu tumzike mama ndilo uliloniuliza msibani: tungemwahi, angepona?

Nimelinganisha majalada ya wagonjwa wa aina mbili kali za saratani ya mji wa mimba. Aina ya mama huanza kwa damu kidogo kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, kisha husambaa upesi. Wengi walifariki kabla ya kutimiza miaka miwili tangu wagundulike, mapema kuliko wenye aina ya pili. Nikisoma hivyo, nashawishika kwamba kumwahi kusingesaidia.

Lakini naikumbuka Ramadhani ile. Mama hakuswali wala hakufunga, akidhani hedhi imemrudia, nawe ukanipigia simu.

“Dada karudi usichana! Tumtafutie mchumba?”

Mama akadakia, “Awe na meno tu, korosho ninazo!”

Mimi, daktari, nikacheka pamoja nanyi, nisiulize lolote. Ikapita miezi saba kabla hajapimwa.

Usijilaumu, wewe hukusomea haya.

Katika majalada yote, wenye aina ya mama waliofika hospitali mapema ni watatu, na wawili kati yao wako hai. Watu watatu hawatoshi kukujibu. Tena siamini usomaji wangu mwenyewe, kwa sababu kila nikifungua jalada nahisi natafuta jibu litakaloniondolea hatia. Kwa hiyo sijui, mama mdogo, na sitakuambia kwamba najua.

Mwanao,
Zakia