Kiganja Mdomoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana jambo lenyewe ni meno. Mimi ni fundi cherehani, mama wa binti mmoja, na meno yangu ya mbele yamepandana kama ya marehemu mama, ambaye pia alikuwa fundi, na bado namwona kwenye chumba chake cha kushonea, mguu kwenye pedeli, akicheka na wateja huku kiganja kiko mdomoni na mabega yanatikisika, nami nikakua nikicheka hivyo hivyo, shuleni wakiniita Gongana, na kwenye picha zangu za harusi nimenuna utadhani nililazimishwa kuolewa. Sasa daktari wa meno amesema hata kwa umri wangu waya zitayanyoosha, nikafurahi kupita kiasi, lakini dada yangu mkubwa akaja juu, "Unataka kumfuta mama usoni mwako? Tutabaki na nini chake?", na tangu hapo nikijitazama kwenye kioo cha wateja namwona mama, machozi yananitoka, kliniki sirudi. Juzi binti yangu, ambaye meno yake yamenyooka vizuri kabisa, alitaniwa na shangazi yake akacheka, mkono mdomoni. Nikamuuliza, "Unaficha nini?" Akanishangaa, "Kwani sisi si ndivyo tunavyocheka, mama?" Mshauri, nifanyeje?

Fundi wa Magauni

Fundi wa Magauni, pole sana, ingawa hapo kwenye picha za harusi nimekucheka kidogo. Barua yako imenikumbusha mama yangu mwenyewe, hadi chai ikapoa. Kwa hiyo nakuelewa. Ila acha kujizungusha, bibie! Mama yako alikuachia ufundi na kicheko, na bila kujua akakuachia aibu pia. Hiyo ndiyo mtoto wako ameshaanza kuivaa, tena bila hata jino moja lililopinda.

Dada yako naye ana uchungu wake, usigombane naye. Muulize tu: meno ya mama aliyaona mara ngapi? Anayalilia yale ambayo mama mwenyewe alikuwa akiyaficha.

Wiki hii rudi kliniki, na binti umchukue. Lakini waya zitanyoosha meno tu, mkono utaushusha mwenyewe, na uanze leo, yakiwa bado yamepandana. Mketi mezani, umsimulie bibi yake alivyokuwa mcheshi, mcheke hadi mbavu ziume. Mkono ukipanda, uukalie. Mwanao akuone meno yote.