Barabara Ipite Wapi

Jumatano, jioni

Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye mkutano wa barabara.

Serikali inataka kuipanua hii inayokatiza katikati ya mji. Mhandisi akatuuliza: malori yaendelee kupita hapa Kibaoni, au yachepushwe nje? Wenye maduka wakapaza sauti kwamba yapite hapa hapa, wateja wasipotee.

Nikasimama. Nikasema binti yangu Neema anavuka barabara hii kila siku kwenda shule, na mwaka jana lori lilimgonga mtoto wa darasa lake, akafa. Nikasema malori yatoke mjini. Watu wakanipigia makofi.

Ndipo mhandisi akatandaza ramani, akaonyesha barabara ya nje itakapopita. Inakata shamba la mpunga la baba mkwe. Lote. Naye alikuwa amekaa safu ya mbele.

Nilimkimbilia nje. "Shikamoo, baba. Sikujua kama ni shambani kwako. Kweli kabisa."

"Marahaba." Hakunitazama. "Umemsemea mjukuu wangu, sikulaumu. Lakini mimi nitalima wapi?"

Akapanda baiskeli, akaondoka.

Mume wangu yuko Kiberege, anarudi keshokutwa. Sijui atasikia nini kwanza, na kwa mdomo wa nani. Huyu mzee ndiye aliyetupa mchele miaka yote...

Wiki ijayo mhandisi anarudi kutusikiliza tena. Naogopa, kwa sababu nikiulizwa nitasema vile vile.