Cha Nne au cha Saba?

Chumba cha mbele, juu ya duka la rangi
Jumatatu asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Ijumaa mchana Mama alipoteza hamu ya kusomewa, na hamu ya kula ikaondoka nayo. Nimeanza na hilo usije ukaruka mistari. Sasa nikusalimu: hujambo? Kifua kimepoa? Sisi wengine wazima, ila roho ziko juu.

Tangu macho yake yazimike, mpango ulikuwa sura moja, sahani moja. Vile vitabu saba ulivyotuma, vya mchimba visima na nduguze, vilimrudishia mashavu. Tukamaliza vitatu. Wifi yako akawa ananitania, "Bwana Zege siku hizi mwalimu."

Halafu nikagundua cha sita na cha saba vinasimulia mambo ya kabla ya cha kwanza. Namba za mgongoni nimeziona, lakini hizo ni za jinsi vilivyotoka kiwandani. Mimi fundi ujenzi. Sijawahi kuezeka kwanza nikachimba msingi baadaye. Nikaruka cha nne na cha tano, nikamsomea cha sita.

Sura ya pili tu, kinataja nani alifukia kisima. Mama alikuwa akilikisia hilo tangu kitabu cha kwanza. Akainua mkono. "Funga. Umeninyang'anya uhondo wangu, mwanangu. Sasa nile ili nisubiri nini?" Tangu hapo ni maji tu, tena kwa kubembelezwa.

Nakulaumu, sikufichi. Umelipia mzigo wa kilo nne, ukashindwa kutia kijikaratasi cha kusema kipi kifuate kipi? Mimi shule niliiacha nikabebe matofali ili wewe uendelee. Vitabu ni fani yako.

Muuguzi amesema asipokula kufikia Alhamisi, atalazwa alishwe kwa mpira. Mama kamjibu, "Mtanibeba nikiwa maiti." Unamjua, hatanii.

Msalimie shemeji na mapacha. Shangazi anakuombea kila aamkapo. Mungu akufunike huko uliko.

Wewe umevisoma vyote. Niambie: katika cha nne kuna jambo asilolijua bado, la kumfanya aulize "ikawaje"? Au ameshaonja msingi, nimalizie na cha saba? Usinipe hotuba. Cha nne au cha saba, basi. Barua hii nampa dereva wa basi la leo ikufikie kesho; piga simu ya duka la rangi kabla ya Jumatano saa sita mchana. Nitakuwa nimesimama pale.

Akupendaye hata akiwa na hasira,
Kaka yako, Zege