Vumbi la Kaskazini

Kisondela, 3 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Tulinagwe,

Ndaga. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananichokoza. Wewe sijui kama unakula huko chuoni. Simu usinipigie, nisichokiona kwenye karatasi sikiamini.

Sahani yako ya kunasia vumbi, ile uliyoifunga juu ya bati, nimeiosha. Chombo kichafu hakikai kwangu. Vumbi la wiki zilizopita nilishalikung'utia kwenye bahasha kama ulivyosema, Obed wa bodaboda amezipeleka stendi Tukuyu.

Jirani yangu Alinanuswe anasema ubaridi ulioingia nyumbani kwangu ni pumzi ya watu, manung'uniko yao yanayomwingia mtu kama ugonjwa. Eti kijiji kinanung'unika kwa nini sijamwekea baba yako msiba, miaka kumi na moja tangu aende kuchimba dhahabu Chunya. Nimemwambia afunge mdomo. Simlilii mwanangu Lugano kabla sijamzika.

Bibi yako

Morogoro, 19 Oktoba

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Mimi ninakula. Nakuomba usiioshe tena sahani, uchafu ule ndio ninaousoma. Upepo ulipotoka Ziwa Nyasa, vumbi lilikuwa udongo na moshi wa mashamba. Bahasha ya mwisho ni nyingine kabisa. Upepo umegeuka, unatoka kaskazini, umebeba mawe meupe yaliyosagwa na zebaki, ile ya kunasia dhahabu. Ni vumbi la machimboni. Funika maji na chakula.

Mjukuu wako Tulinagwe

Kisondela, 2 Novemba

Tulinagwe,

Marahaba. Unanifundisha kufunika chakula mimi niliyekulisha?

Sasa sikia. Migomba ya Alinanuswe ni kijani, yangu imepauka. Kuku hawapiti mlangoni. Vumbi linajaa kwenye kigoda cha baba yako, mahali pengine popote halipo, na nikilifuta linarudi kabla chai haijachemka. Jana nilikohoa. Kikohozi hakikuwa changu, kilikuwa cha Lugano.

Niambie linatoka shimo gani. Usinifiche, mimi si mtoto.

Bibi yako

Morogoro, 17 Novemba

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Nimekaa siku tatu na kalamu hii. Niliifuata njia ya upepo kwenye ramani, kisha nikapanda basi hadi Chunya. Kuna shimo liliporomoka mwaka 2013, watu saba hawakutolewa. Mzee Hamis wa pale anakumbuka majina yote. La tatu ni la baba.

Shimo liliachwa hivyohivyo. Mwezi wa tisa mwaka huu wamelifukua, wanasaga kila kinachotoka. Sikuuliza zaidi. Nakuja, Bibi.

Mjukuu wako Tulinagwe

Kisondela, 26 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yametulia. Umefanya vizuri kwenda, hata kama hukuniaga.

Tumezika Jumamosi. Vumbi la sahani na la kigoda nililikung'utia kwenye shuka jeupe. Amoni, mchimba makaburi wetu, alitaka kuchimba kishimo kidogo, nikamfokea mpaka akachimba urefu wa mtu. Mwanangu Lugano hakunjwi. Wanaume walicheza ngoma ya maziko kama inavyotakiwa. Alinanuswe alilia kuliko mimi, mnafiki yule.

Ubaridi umetoka. Upepo bado unatoka kaskazini, na mvua zimechelewa. Leo asubuhi vumbi limeanguka tena, jingi, mpaka kitandani. Sikulifuta. Mtu mzima kama Lugano hatoshi kwenye sahani moja, anakuja kidogo kidogo. Nimeacha mlango wazi.

Ukifika, pua yako zibe ukitaka. Ila ufagio usiushike.

Bibi yako