Kamera Kati ya Mbavu

Mume wangu mpenzi,

Mwanao ameota meno mawili, na bomba la jikoni halivuji tena. Nilichokuficha ni hiki: maji yalijaa kando ya pafu langu. Hospitalini waliyavuta kwa sindano mara tatu, wakayapima, chanzo kisijulikane. Jumatatu daktari alinichoma ganzi, akapitisha kamera nyembamba kati ya mbavu, akakata kinyama cha kupima. Nilifumba macho nikakuwaza wewe.

"Mama, mbona unatabasamu?" nesi akaniuliza. "Kamera hii haipigi sura."

Majibu yalitoka jana: ni kifua kikuu. Dawa nimeanza, nitapona. Nilitaka kuandika kwamba usiache kazi kwa ajili yangu, lakini mkono umekataa. Njoo, hata kwa siku mbili.

Mkeo anayekungoja